Dirisha Lisiungue

Kwa miaka saba alikuwa amepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi yeyote wa mji ule, na hakuna hata moja iliyoonyesha uso wake.

Picha zenyewe zilikuwepo, tena zilitundikwa. Ukipanda ngazi za chuo kwenda darasa la picha, ukuta wa kushoto ulikukutanisha naye mara kumi na nne, picha mbili bora za kila mwaka: mwanamke ameketi kwenye kigoda, dirisha refu nyuma yake, na yeye mweusi tii kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Kichwa, shingo, mabega, basi. Wageni walisimama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema picha ina utulivu. Chini ya kila moja paliandikwa "Mwanamke Dirishani". Angeweza kuwa yeye, angeweza kuwa jirani yake, angeweza hata kuwa gunia la mkaa lililofungwa kilemba.

Yeye alikuwa dobi wa chuo. Alifua na kupiga pasi mashuka ya bweni, mapazia ya ofisi na vitambaa vya meza vya ukumbini, na mara mbili kwa wiki alivua aproni, akapanda ngazi, akaketi kigodani ili wanafunzi wajifunze kwake. Walimwita Mama Dobi. Mwisho wa muhula angetimiza miaka sitini na kustaafu, na alikuwa na haja moja tu: kabla hajarudisha funguo za chumba cha kufulia, apigwe picha moja ambayo mtu akiitazama atasema, huyu namjua.

Haja ndogo, lakini ilikuwa na mwiba wake, na mwiba wenyewe ulikuwa machoni.

Udobi alirithi kwa shangazi yake, mwanamke wa maneno machache na viganja kama gome la mti, aliyemchukua akiwa na miaka kumi na mitano akampeleka kufua hospitalini. Huko walianika mashuka mia mbili kwa siku kwenye uwanja usio na mti hata mmoja. Jua linapiga mashuka, mashuka yanalirudisha, na anayeanika yuko katikati kama mkate ndani ya tanuri. Juu ya hayo kulikuwa na dawa ya kung'arisha, iliyomiminwa kwa kukadiria, kwa sababu kikombe cha kupimia kilipotea zamani na hakuna aliyejisumbua kuleta kingine. Alipofika miaka thelathini, macho yake hayakustahimili tena mwanga wa mbele. Mwelekeze kwenye dirisha, yanafumba, yanachuruzika, uso unakunjamana kama nguo inayokamuliwa.

Ndiyo maana picha zake za maisha yote zilikuwa msiba mtupu. Ya harusi: bwana amesimama wima na tai yake, bibi amefumba. Mumewe, enzi za utani wao, alizoea kusema kwamba aliozeshwa mtu aliyelala, na siku alipofungasha virago akamfuata mwingine, dobi aliwaambia mashoga zake kwamba aliyelala sasa kaamka. Ya kitambulisho: karani alipiga mara tano, akatupa mikono.

"Mama, fumbua macho, la sivyo niandike kipofu."

"Andika dobi," alimjibu. "Utakuwa hujakosea."

Iliyopatikana ilimwonyesha kama mtu anayemenya vitunguu kwa kulazimishwa.

Darasa la picha aliingia kwa bahati tu. Siku hiyo alipeleka mapazia yaliyotoka kupigwa pasi, akamkuta mwalimu akizunguka chumbani kama kuku aliyepoteza kifaranga: mwanamitindo aliyeagizwa hakutokea, na wanafunzi walikuwa wameshafunga kamera zao kwenye stendi za miguu mitatu. Mwalimu alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na shingoni, kwa kamba ya kiatu, alining'iniza kipimo cha mwanga, kifaa kidogo chenye kifuniko cheupe kama nusu ya yai. Hakuonekana bila hicho kifaa, hata msalani, walisema wenye ulimi. Nyuma ya mgongo wake aliitwa Kipimo.

"Mama, unaweza kukaa bila kutikisika?"

"Maisha yangu yote nimengoja mashuka yakauke, mwalimu. Kukaa nakujua."

Alipofika kwenye kigoda alikigeuza, akalipa dirisha mgongo, maana macho yalishaanza kulalamika. Mwalimu akafurahi hadi meno ya nyuma yakaonekana, kwa sababu somo la siku lilikuwa hilo hilo: kumpiga mtu kinyume cha mwanga. Ikawa kazi yake. Wengine waliopata kujaribiwa walijikuna, walipiga chafya, walisinzia. Yeye aliketi dakika arobaini kama aliyechongwa.

Juu ya ubao wa darasa lile palikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta ili isifutike: DIRISHA LISIUNGUE. Maana yake ilikuwa rahisi. Kamera haina jicho kama la mtu; haiwezi kuona penye mwanga mkali na penye kivuli kwa wakati mmoja. Ukiifungulia jicho hadi ione uso, dirisha la nyuma linageuka weupe mtupu, bila fremu, bila tawi, bila wingu. Huko ndiko kuungua. Kwa hiyo Kipimo aliwafundisha wapime mwanga wa dirisha, dirisha litoke na kila jani lake, na aliyeketi mbele yake awe kivuli. "Uso mweusi na dirisha havikai picha moja," alisema kila mwaka, yeye mwenyewe akiwa mweusi kuliko ubao.

Mwanzoni dobi hakujali. Kuna heshima yake katika kutazamwa na watu ishirini wasiosema neno, hasa kwa mtu ambaye siku nyingine hutazamwa pale tu kitufe kinapopotea. Jambo lilimgeukia siku ya maonyesho ya mwaka uliopita.

Alimwalika binti yake, fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja na mdomo usio na mlango. Binti akaja, kajipamba, akapita mbele ya picha kubwa kuliko zote, ile iliyobandikwa hadi kwenye tangazo la lango kuu. Akasimama. Akaitazama kwa jicho la fundi.

"Mama, hili pazia la pembeni umelipiga pasi wewe? Limenyooka."

"Ndiyo, mimi."

"Na huyu bibi ni nani?"

Dobi alimnyoosha binti ukosi. Halafu akasema, "Anafanya kazi hapa."

Hakumwambia hadi walipokuwa njiani kurudi. Binti alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi, akalia na kucheka kwa pamoja. "Nimekaa tumboni mwako miezi tisa," alisema, "na nimekupita kama kabati." Dobi akamwambia asijali, kivuli hakina alama ya kuzaliwa. Lakini usiku ule hakulala vizuri, na mwaka mzima uliofuata, kila alipopanda zile ngazi, aliwatazama wale wanawake kumi na wanne weusi akajiuliza kama miaka saba ya kukaa kimya ilikuwa kazi au ilikuwa namna ya kufutika.

Muhula wa mwisho ulipoanza, alimwendea mwalimu baada ya kipindi.

"Mwalimu, nina neno. Nastaafu. Nataka picha moja yenye uso."

"Hilo tu? Rahisi," alisema Kipimo. "Geuka, likabili dirisha."

Akageuka, kwa adabu, ili asionekane mkaidi kabla ya wakati. Kamera zikalia. Kwenye runinga kubwa ya darasa, ambako kila picha ilijitokeza papo hapo, alionekana mwanamke aliyefiwa asubuhi ile. Mwanafunzi mmoja akamsogezea leso.

"Umeona," alisema mwalimu. "Ndio hivyo, mama. Kuna uso uliofumba, na kuna kivuli kizuri. Chagua."

"Sichagui."

"Vipi tena?"

"Nataka mwanga uwe nyuma yangu na uso wangu uwe mbele. Vyote viwili ni vyangu."

Wanafunzi walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mwalimu alicheka pia, akaonyesha kwa kidole sheria iliyo juu ya ubao kama mtu anavyoonyesha saa ya ukutani mgeni anapochelewa kuondoka.

Sasa, dobi hakusoma mambo ya kamera, lakini mwanga aliusoma kwenye chuo cha jua kali. Miaka thelathini uwanjani alikuwa ameona jambo moja na kulinyamazia kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Mwenzako akisimama jua likiwa mgongoni mwake, usoni ni giza. Lakini akisimama hivyo hivyo akilikabili shuka lililoanikwa, uso wake unafunguka; unaona hadi vinyweleo vya mdomo wa juu, hadi jasho linapoanzia. Shuka linaokota mwanga uliompita mtu na kumrudishia. Na alijua zaidi ya hapo: shuka jipya linachoma macho, linarudisha mwanga kwa hasira, ila shuka kuukuu, lililofuliwa hadi likapoteza ukali wa weupe wake, linaurudisha kwa upole, kama mtu anayekuambia habari mbaya akiwa amekushika mkono.

Kipindi kilichofuata alipanda ngazi na mashuka mawili ya bweni yaliyozeeka, kamba na vibanio. Alifunga kamba kutoka kwenye kitasa cha kabati hadi kwenye msumari wa ramani, akaanika mashuka mbele ya kigoda, akaacha nafasi katikati inayotosha kamera kuchungulia. Kisha akaketi, dirisha nyuma, akawangoja.

Mwalimu aliingia akasimama mlangoni.

"Mama, hili ni darasa. Kamba ya nguo iko nyuma ya jengo."

"Naijua ilipo. Nimeifunga mimi. Leo upimie hapa, mwalimu." Aligusa shavu lake. "Usipimie dirishani."

"Nikipimia hapo dirisha litaungua."

"Na liungue. Dirisha halina binti wa kumtambua."

Kuna mwanafunzi alipaliwa na kicheko akajifanya anakohoa. Huyo alikuwa kijana mmoja mrefu aliyeinama kupita kila mlango, wenzake walimwita Mlingoti. Kipimo hakucheka. Sauti yake ikashuka, jambo ambalo wanafunzi walijua ni baya kuliko kupanda.

"Miaka ishirini na miwili nafundisha. Sijafundishwa kazi na mfuko wa nguo chafu. Toa hayo mashuka."

Dobi aliinuka. Aliyaanua mashuka bila haraka, akayakunja peke yake, akishika pembe mbili kwa kidevu na mbili kwa mikono, kunjo juu ya kunjo, hadi yakawa kama vitabu viwili vyeupe. Akayapakata.

"Sawa, mwalimu. Mtihani wenu ni lini?"

"Alhamisi ya wiki mbili zijazo. Unajua."

"Najua. Tafuteni kivuli kingine."

Akashuka ngazi, akapita mbele ya wale kumi na wanne, hakuwatazama.

Mtihani ulikuwa wa vitendo, na swali lake halikubadilika tangu chuo kifunguliwe: mtu mbele ya dirisha, saa tisa alasiri, jua linapofika upande ule. Bila mtu hakuna mtihani. Walimjaribu bawabu. Kila kamera ilipoinuliwa alisimama akapiga saluti. Walipomsihi aketi tu, alisinzia, akaanguka na kigoda, na toka hapo akadai nyonga yake ni mali ya chuo. Mkuu wa chuo alimwandikia dobi barua ya kumkumbusha wajibu wake. Dobi alijibu kwa mwandiko wa shule ya msingi, herufi kubwa zilizosimama vizuri, kwamba mkataba wake unataja mashuka, mapazia na vitambaa vya meza, na hakuona mahali palipotajwa kichwa chake.

Hata binti alipunguza ukali. Alikuja jioni moja akamkuta mama yake anashona pindo la aproni.

"Mama, hii miezi miwili iliyobaki si ungemaliza kwa amani? Twende kwa mpiga picha wa stendi, akupige hata ukiwa na miwani ya jua."

"Uso wenye miwani ya jua ni nusu uso."

"Basi utakosana na watu kwa ajili ya picha."

"Sikosani nao kwa ajili ya picha," alisema dobi, akakata uzi kwa meno. "Wao wanasema haiwezekani. Ningekuwa naomba kisichowezekana ningenyamaza. Lakini mimi nimeona, mwanangu. Nimeona nyuso za wenzangu kila siku ya Mungu. Nikinyamaza sasa nitakuwa nimekubali kwamba sikuona."

Binti akamtazama. "Haya," akasema. "Maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Siku mbili kabla ya mtihani, Kipimo alishuka mwenyewe hadi chumba cha pasi. Hakuwahi kufika huko. Mlango ulifunguka kwenye msitu wa mashuka yaliyoning'inia, na ikabidi ayapenyeze kwa mikono, moja, la pili, la tatu, hadi akatokea upande wa pili akamkuta dobi mezani, pasi mkononi, dirisha la chumba likiwaka nyuma yake.

Alisimama. Dobi aliinua uso kumtazama, na uso wote ulikuwepo: mashavu, mikunjo miwili ya kando ya mdomo, kovu dogo la pasi chini ya kidevu, macho wazi, kahawia, yenye duara la kijivu pembeni kama ya watu wanaoanza kuzeeka. Nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe, halina kitu.

"Usitikisike," alisema mwalimu kabla hajajizuia.

"Siko kazini kwako," alisema dobi, akaendelea kupiga pasi.

Mkono wa mwalimu ulikuwa umeshashika kipimo, kwa mazoea, kama vile watu wengine wanavyoshika rozari au tasbihi. Alikielekeza dirishani, akasoma. Akakishusha.

"Na hapa?" dobi aliuliza, akigusa shavu.

Mwalimu alivuta kiti chenye kikapu, akaweka kikapu chini, akaketi.

"Nikikwambia kitu utanicheka."

"Itategemea."

"Nilipokuwa mwanafunzi nilimpiga mama yangu picha. Amekaa jikoni, mlango uko wazi nyuma yake. Nikapimia usoni. Ilitoka vizuri sana, mama. Alikuwa karibu kusema neno. Mwalimu wangu akachukua kalamu nyekundu akaandika juu yake, juu ya picha yenyewe: mlango umeungua. Sifuri. Nikaitupa. Watahini wa nje ndio wale wale. Sitaki wanafunzi wangu wapate nilichopata."

Dobi alisimamisha pasi wima. Alimhurumia, kwa kweli. Lakini aliona pia kwamba huruma ile, akiilegezea kamba, ingemrudisha kigodani mgongo ukiwa umenyooka na uso haupo.

"Walikuonea," alisema. "Mama yako pia walimwonea. Sasa wewe unamwonea nani?"

"Mtihani ni mtihani. Swali litasomwa kama lilivyo, na alama zitakatwa kama zinavyokatwa."

"Kata. Mimi nitakuja Alhamisi, na mashuka yangu. Nitakaa. Kitakachotokea ni kati yangu na atakayesimama mbele yangu."

Kipimo aliinuka, akarudisha kikapu juu ya kiti, akapenya tena kwenye mashuka. Alikawia humo kidogo kabla mlango haujalia.

Alhamisi ilikuwa na jua la kutosha, lile la alasiri linaloingia kwa ubavu. Mashuka yalikuwa yameshaanikwa alipofika mwalimu, na safari hii hakusema yaondolewe. Wanafunzi kumi na wawili walipanga foleni. Desturi ya chuo kile ilikuwa ya ukatili kidogo: kila mtahiniwa hupiga picha moja tu, picha hutokea kwenye runinga mbele ya wote, na mwalimu hutangaza alama hapo hapo, kwa sauti, kabla picha hazijapelekwa kwa watahini wa nje. Kipimo alisoma swali. "Mtu mbele ya dirisha. Dirisha lisiungue. Likiungua, alama ishirini zinakatwa." Kisha akatoa kipimo shingoni na kukiweka mezani, ili kila mmoja akitumie kwa zamu.

Wanamitindo hawasemi. Dobi alisema.

"Wanangu, mimi niko hapa. Anayetaka kunipiga mimi, aje apimie hapa. Anayetaka dirisha, hanihitaji."

Wa kwanza alikuwa Mlingoti. Alichukua kipimo, akamtazama mwalimu, akamtazama dobi, kisha, masikini, akakielekeza dirishani. Dobi aliinuka kigodani, akasogea pembeni, akafumbata mikono.

"Mama, kaa," alisema mwalimu.

"Nimekaa miaka saba. Piga tu, mwanangu. Kigoda kiko tayari."

Mlingoti alipiga kigoda. Kwenye runinga kilitokea kigoda cheusi, kizuri, chenye utulivu, na nyuma yake dirisha lenye kila jani.

"Dirisha zima, mtu hayupo," alisema Kipimo, na hapo ikabidi afikirie, maana kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulazimika kutaja kipi kilikuwa cha lazima. "Hamsini."

Wa pili alikuwa msichana mwenye miwani minene, aliyekuwa anaongoza darasa na kuogopa kila kitu. Alichukua kipimo kwa mikono miwili. Hakwenda dirishani. Alipita katikati ya mashuka akaja hadi kwenye kigoda, ambapo dobi alikuwa ameketi tena, akasimama karibu kiasi cha kusikiana pumzi.

"Utakatwa ishirini," alisema mwalimu, si kwa kutisha. Kama anayemkumbusha mtu mwavuli.

"Nimesikia, mwalimu."

Akaweka ile nusu ya yai shavuni kwa dobi. Ilikuwa baridi. Akasoma, akarudi, akaifungulia kamera jicho, ikalia.

Runinga ilikawia kidogo kama kawaida yake. Kisha akatokea. Hapakuwa na dirisha. Palikuwa na weupe tu, mpana, kama hewa. Na ndani ya weupe ule aliketi mwanamke wa miaka hamsini na tisa, ngozi yake nyeusi ikiwa na rangi zake zote, wekundu wa shaba mashavuni, ubluu chini ya macho, kovu la pasi, kinywa kilichofungwa vizuri, na macho wazi yanayomtazama yeyote aliyethubutu. Hakuwa mzuri hasa. Alikuwa mtu fulani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mlingoti alivua kofia, asijue kwa nini. Dobi mwenyewe alitazama kwa kukunja jicho kidogo, kwa sababu runinga nayo ilikuwa na mwanga, na wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amefanana na shangazi yake kuliko alivyodhani.

Mwalimu aliinua kalamu. Wote waliiona.

"Dirisha limeungua," alisema. Sauti haikuwa na nguvu. "Ishirini zimekatwa. Sabini na tano."

"Asante, mwalimu," alisema msichana, akarudisha kipimo mezani kama anayerudisha chombo cha jirani.

Wa tatu alijua sasa bei ya shavu. Akaja shavuni. "Ishirini," alisema mwalimu. Wa nne akaja, wa tano akaja. Wa sita alipimia dirishani, na dobi, bila kinyongo, akampisha apige kigoda chake. Wa saba akaja shavuni, akapata picha ambamo dobi alikuwa karibu kucheka, maana huyu alikuwa na mikono ya jasho na alimtekenya. Kipimo alikata ishirini. Wa nane naye akakatwa ishirini. Kila alipokata alikuwa akitazama runinga muda mrefu zaidi kabla ya kusema, na mwishowe alikuwa haandiki tena; alitaja tu namba, kalamu ikiwa imelala juu ya daftari.

Wa tisa aliposimama, mwalimu alimwambia angoje. Akasukuma kiti nyuma, akachukua kipimo mezani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaja upande ule wa mashuka, mahali aketipo anayepigwa. Huku nyuma walimwona kama kivuli juu ya shuka, kirefu na chembamba.

"Hapa?" aliuliza.

"Juu kidogo. Hapo mfupa unapoanzia."

Alipima. Akasoma namba, akaisoma tena. Akakaa hivyo, mkono hewani, mwanamume mzima anayemtazama mtu uso kwa uso kana kwamba alitumwa kuukariri.

"Sitafuta sheria," alisema kwa sauti ya chini ili foleni isisikie. "Siwezi kwa siku moja."

"Sikukwambia ufute kitu, mwalimu," alisema dobi. "Nilikwambia upime."

Jua lilikuwa limeanza kutelemka kwenye fremu, bado lilikuwa na saa moja ya kazi. Kipimo alirudi upande wake, akampa kifaa yule wa tisa, kijana aliyekipokea kwa pupa hata kamba ya kiatu ikamzunguka kidoleni.

"Endelea," alimwambia.

Kijana akapita katikati ya mashuka. Dobi alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akafumbua macho vizuri.

"Njoo karibu, baba," alisema. "Karibu zaidi. Ukikaa huko utapima shuka."